Aliyeinyamazisha Kompyuta ya Mama

Kompyuta ya marehemu mama ilikutwa haina uhai Jumamosi asubuhi, sebuleni kwa baba, juu ya meza yake ya siku zote kando ya dirisha. Aliyeikuta ni bintiye wa mwisho, yule ambaye ukoo mzima ulimwita Kachero.

Jina hilo alilipata angali na meno ya utoto. Kuna mtu alikuwa akila maziwa ya unga kwa siri na kujazia unga wa ngano, ili kopo lisionekane limepungua. Siku mama alipomkorogea mgeni chai, chai ikawa uji. Nyumba ikachafuka. Wakubwa wanaulizana, huyu anamsingizia yule, mara kale kabinti kakamwendea kaka yake na kumwambia, "Kaka, hebu cheka." Kaka akakataa kucheka, unga wa maziwa ulikuwa bado menoni. Kesi ikaishia hapo, na jina likabaki.

Asubuhi hiyo alikuja na mwanawe mgongoni, mtoto wa kike aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Akavua viatu, akamsalimia baba, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichoifunika mashine, akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikawaka. Feni ikaanza kuunguruma ule muungurumo wake wa zamani, kama mtu mnene anayepanda ngazi. Kachero akatabasamu peke yake, akasubiri ile picha ya waridi ambayo mama aliipenda.

Haikuja. Skrini ilibaki nyeusi tititi, na juu yake mistari mitatu tu ya maandishi meupe.

"Baba, kompyuta imefanya nini?"

Baba alikuwa kitini, gazeti limemfunika uso. "Nitajuaje mimi? Mimi mtu wa saa."

"Jana iliwaka?"

"Jana ni jana, mwanangu."

Kachero akamtazama. Miwani yake ya kusomea ilikuwa imening'inia mfukoni mwa shati. Hakulitilia maanani, moyo wake wote ulikuwa kwenye skrini.

Mtu wa nje angesema, kompyuta kuukuu ikifa ni nini, si mnunue nyingine? Lakini hii haikuwa kompyuta tu. Mama yao alikuwa mpiga chapa. Alifanya kazi hapahapa nyumbani, kwenye meza hiihii, na watu walimletea makaratasi yao: kumbukumbu za vikao, ripoti, mitihani, mikataba ya kupangisha nyumba. Wengi wao mwandiko wao ulikuwa kama kuku kapita kwenye majivu. Kuinamia karatasi na kuinua macho kwenye skrini kutwa nzima kulimuumiza shingo, basi akabuni njia yake. Kwanza aliusoma mwandiko kwa sauti kwenye maikrofoni, polepole, nukta na mkato, mpaka mwisho. Kisha alivaa hedifoni, akaegemea kiti, akafumba macho, na kujipigia chapa akijisikiliza mwenyewe.

Sauti zile hakuzifuta. Alisema mteja anaweza kurudi akabisha. Na kwa kuwa alisoma huku nyumba inaendelea na mambo yake, kila kilichotokea kiliingia humo: "Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe, nukta. We mtoto, shuka kwenye hiyo kabati! Ajenda ya pili, mabomba ya maji, nukta. Nimesema shuka!" Utoto wao wote ulikuwa mle, umechanganyika na mabomba ya watu.

Mama alifariki Kachero akiwa na mimba. Mwanawe hakuwahi kupakatwa na bibi yake. Alichobaki nacho cha kumrithisha ni ile sauti, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuichukua. Kaka alikuwa ameahidi kuja na flashi, kila mtu yake, wanakili kila kitu waende nayo majumbani. Ingekuwa na faida, maana tangu msiba walikuwa wakikusanyika hapa kila Jumamosi kusikiliza kidogo, na kila mmoja aliondoka akisema hakutosheka.

Mlango ukabishwa. Kaka akaingia, mtu wa haraka, funguo za gari zinacheza kidoleni. Nyuma yake akafuata Wifi na trei ya mayai kifuani, akapitiliza moja kwa moja jikoni. Wifi alioka keki za kuuza, na tanuri la nyumba hii, lile kubwa la marehemu mama mkwe wake, lilishinda lake mbali kabisa, kwa hiyo Ijumaa na Jumamosi alikuja kuoka huku.

Kaka aliinama mbele ya skrini mara moja tu, akainuka. "Diski haionekani. Imekufa hiyo."

"Umesoma yote?"

"Mdogo wangu, mimi nafanya kazi ya bima. Sisi tunasoma mstari wa mwisho. Huko juu huwa ni salamu tu."

Akatoa simu, akampigia fundi wa kompyuta, yule aliyempa kazi ya kuja kuikagua mashine Alhamisi kabla ya kunakili. Akaweka spika ili wote wasikie. Fundi alisikika akiwa kwenye makelele ya barabara.

"Haionekani kabisa?" aliuliza.

"Imeandika hivyo. Diski haijapatikana."

"Basi diski ya umri ule imemaliza safari yake, bosi. Nakuja saa kumi na diski mpya. Ile ya zamani nitaondoka nayo, hamna haja ya kuweka makorokoro ndani."

"Na vilivyomo?"

"Ndiyo vimekwenda hivyo, bosi. Pole sana."

Simu ikakatika. Kaka akakaa kwenye mkono wa kochi, akazitazama flashi alizokuwa nazo kiganjani kama mtu aliyeleta mahari kwa binti aliyekwisha kuolewa. Gazeti la baba lilitikisika kidogo, likatulia.

"Ningezileta wiki iliyopita," Kaka alisema. "Wiki iliyopita ningezileta."

Kachero alimteremsha mtoto, akamkalisha mkekani na kijiko cha kuchezea, akachuchumaa mbele ya skrini na kusoma kuanzia juu, kidole kikifuata herufi. Mwaka jana alikuwa amesoma kozi ya kompyuta ya jioni, tumbo likigusa meza, na mwalimu wao alikuwa na wimbo mmoja: mashine ikigoma, isikilize kwanza inasema nini, usimsikilize mwenye haraka.

Mstari wa kwanza ulisema saa ya mashine haijawekwa. Tarehe iliyoonyeshwa ilikuwa ya mwanzo wa Januari, ya mwaka ambao Kachero alikuwa bado anavaa sare ya shule ya msingi. Mstari wa pili ulisema mipangilio yote imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Mstari wa tatu ndio ule wa Kaka.

"Kaka, njoo. Hii haikufa. Hii imesahau."

"Imesahau nini?"

"Imesahau leo ni lini. Na mashine isiyojua leo ni lini imesahau mengine pia."

"Kachero, usinianze. Mambo yamenifika hapa."

"Nipe mpaka saa kumi tu."

Akaanza kwa mpango. Plagi ukutani ilikuwa imekaa sawa. Waya wa skrini ulikuwa umekaza. Akazima, akachomoa, akaligeuza kasha la kompyuta taratibu ili aone mgongo wake. Vumbi lilikuwa limelala huko nyuma kama blanketi. Ila ubavuni, pale pa kufungulia, kulikuwa na mstari msafi, mwembamba, kutoka juu mpaka chini.

"Kuna mtu ameifungua," alisema.

Kaka akasogea. Hata yeye, mtu wa mstari wa mwisho, aliuona.

Kachero akainamia zile skrubu nne za ubavuni. Alizitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika kuzitazama skrubu. Zote zilikuwepo, zote zimekazwa, na misalaba ya vichwa vyake vyote imesimama wima, kama alama nne za kujumlisha zilizochorwa kwa rula. Akachukua bisibisi.

Alipofungua, aligusa kwanza chuma kutoa umeme wa mwilini, kama alivyofundishwa, kisha akachungulia. Diski ilikuwa mahali pake, nyaya zake zimeshika. Kila kitu kilikuwa kamili, isipokuwa kimoja. Kwenye kona ya ubao wa ndani kulikuwa na kitundu cha duara, saizi ya kifungo cha koti, kitupu.

"Hapa hukaa betri," alisema.

"Kompyuta ina betri? Si inakula umeme wa ukutani?"

"Mama alikuwa anaizimia wapi?"

"Ukutani. Alisema vitu vya umeme navyo vinataka kulala."

"Sasa ikilala, hiyo betri ndogo ndiyo inakesha. Inaikumbusha saa, inaikumbusha namna ya kuongea na diski yake. Mtu akiitoa, ikiamka haimtambui hata mwenzake aliyelala naye kitanda kimoja."

Kaka akapiga mluzi. "Kwa hiyo diski ni nzima."

"Nadhani ni nzima. Ila kuna mtu kaitia mkono."

Hapo sasa ikawa kesi.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa Kaka mwenyewe, hapohapo alipo. Kachero akamwomba funguo za gari.

"Za nini?"

"Rimoti yako inatumia betri kama hii. Wiki iliyopita ulilalamika mlango haufunguki mpaka uubembeleze."

"Ala! Sasa mimi niibe betri ya mama yangu nifungulie gari?"

"Maziwa ya unga yalikuwa ya nani?"

Kaka akacheka bila kupenda, akamrushia funguo. Kachero akakifungua kirimoti kwa ukucha. Betri ilikuwa mle, na ilikuwa nyembamba kuliko kile kitundu. Ingechezacheza ndani kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. Akamrudishia. "Jana ulikuwa wapi?"

"Kazini mpaka jioni. Halafu nyumbani na mke wangu, tunaangalia taarifa ya habari. Muulize."

Kachero akaenda jikoni. Wifi alikuwa anapima unga kwenye mizani yake ndogo ya keki, ile ya kuonyesha namba, na namba zilikuwa zinawaka vizuri.

"Wifi yangu, mizani imepona?"

"Imepona, mpenzi."

"Si ulinipigia simu jana ukasema imezima?"

Wifi akaacha kupima. Hakuwa mjinga, na ukuta kati ya jikoni na sebule haukuwa mnene. "Nimewasikia huko. Unataka kujua kama nimeichomoa kwenye kompyuta."

"Nauliza tu, wifi. Naanza na wote."

"Uliza kwa kituo, basi." Akaigeuza mizani, akatoa betri, akaiweka mezani. Iling'aa kama sarafu mpya, na kwenye kabati nyuma yake kulikuwa na kikaratasi chake bado kina betri nyingine. "Nimenunua asubuhi hii dukani. Hiyo ya kompyuta ingekuwa ya zamani, imefubaa. Umeridhika?"

"Nimeridhika. Nisamehe."

"Sijakasirika." Lakini alirudisha betri kwa vidole vizito. "Mimi katika nyumba hii sikumkuta mama. Nimeolewa kaburi lina majani. Nyinyi mkikaa pale mkicheka kwa sauti yake, mimi husimama hapa na bakuli langu nikisikiliza. Siwezi kumnyamazisha mtu ambaye hata sijamaliza kumjua."

Kachero akachukua kitambaa, akafuta unga uliomwagika ambao haukuhitaji kufutwa. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Jana ulimsikia?"

"Nilimsikia. Adhuhuri, napiga mayai. Baba alikuwa ameifungulia, mama anasoma mambo ya mifereji. Akapiga chafya, akasema 'nisameheni wajumbe.' Nikacheka mwenyewe. Niliondoka kama saa tisa, baba akafunga mlango nyuma yangu."

"Adhuhuri ilikuwa inaongea."

"Inaongea kabisa."

Kachero akabaki amesimama na kile kitambaa mkononi. Fundi alikuja Alhamisi. Kama Ijumaa adhuhuri mashine ilikuwa nzima, fundi ametoka kwenye orodha hata kabla hajaulizwa. Kaka alikuwa kazini. Wifi alikuwa na betri yake. Na baada ya saa tisa mlango ulifungwa.

Akarudi sebuleni, akakaa mkekani na mwanawe, mgongo ameupa meza. Alijua sasa. Tangu alipoziona zile skrubu alikuwa anajua, alichokuwa anafanya ni kutafuta mtu mwingine yeyote wa kumweka mahali pale.

Kwenye ukuta wa pili, chini ya saa zilizokuwa zinagonga kila moja kwa roho yake, kulikuwa na meza nyingine, ndogo, yenye taa ya kupinda. Hapo ndipo baba alipofanya kazi ya ufundi saa miaka yote, mgongo kwa mgongo na mama. Huyu anagonga herufi, yule anashika pumzi asipoteze kijichuma. Wakati fulani walikaa kutwa nzima bila kusemezana, na jioni mama angesema, "Leo tumezungumza sana." Kachero alikuwa akisimama pembeni ya ile meza ndogo, kidevu kikiwa sawa na ukingo wake, akimtazama baba akirudishia mfuniko wa saa. Kila skrubu aliyoifunga aliielekeza upande mmoja na mwenzake. "Kwa nini, baba?" "Ili mwingine akifungua baada yangu, nijue."

Saa kumi fundi alipiga hodi. Kijana mrefu, mkoba begani, boksi la diski mpya kwapani. Kaka akampokea kwa pupa, "Karibu, karibu, inasemekana si diski," lakini Kachero akawa amesimama kati yake na kompyuta, mtoto kiunoni.

"Kabla hujagusa, ndugu fundi. Alhamisi uliifungua?"

"Sikuifungua. Niliwasha, nikaangalia mafaili yote yapo, nikazima. Kuna tatizo?"

"Na ukifungua mashine ya mtu, skrubu zako huzifungaje?"

Fundi akamwangalia Kaka, kama anayeuliza huyu dada yako ni mzima? "Nazikaza na mashine ya umeme, dada. Huelekea zinapotaka."

"Soma hapa juu." Akarudisha plagi, akawasha.

Fundi akasoma mstari wa kwanza, akapiga paji la uso. "Bosi! Mbona hukunisomea hii? Hii ni betri! Mimi ningekuja nikatoa diski nzima nikaenda nayo!" Akaanza kupekua mkoba. "Ninayo moja hapa, dakika tano tu."

"Subiri," Kachero alisema. "Tukiweka betri leo bila kujua aliyeitoa, Jumamosi ijayo tutakuta hata diski haipo. Naomba wote mkae. Wifi, njoo na wewe."

Wifi akaja mpaka kizingitini, mikono ina unga. Kaka akakaa. Fundi, ambaye hakujua kama naye ni miongoni mwa wote, akakaa pia. Gazeti la baba lilikuwa bado limesimama.

"Ijumaa adhuhuri ilikuwa inaongea, Wifi kaisikia kwa masikio yake. Kwa hiyo si fundi, yeye alikuja siku moja kabla. Kaka alikuwa kazini, na betri ya rimoti yake ni nyembamba, haikai. Wifi ana ya kwake, mpya. Saa tisa mlango ukafungwa. Na aliyeifungua hii mashine si mtu wa kuvunja. Hakukwaruza popote. Alichomoa waya ukutani, akatoa kitu kimoja tu kidogo, kile ambacho kikirudishwa hakuna kitakachopotea. Halafu akafunga skrubu nne, akazisimamisha zote wima. Hakujua hata kama anazisimamisha. Vidole vyake havijui kufunga vinginevyo."

Akamgeukia baba yake.

"Baba, umeshika gazeti tangu asubuhi na miwani iko mfukoni."

Gazeti likashuka polepole mpaka magotini. Macho ya mzee yalikuwa mekundu.

"Nilimwambia mama yako," alisema hatimaye, "huyu mtoto asisomeshwe usiku. Atatusumbua."

"Baba!" Kaka alisimama. "Wewe? Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi najilaumu, na wewe unanitazama?"

"Sikukutazama. Nilikuwa na gazeti."

Fundi alikohoa ili asicheke. Baba akatia vidole kwenye mfuko wa shati, nyuma ya miwani, akatoa kipande cha kitambaa laini cha kufutia vioo, akakikunjua juu ya goti. Betri ilikuwa katikati, imefubaa.

"Nilidhani iko kwenye sanduku lako, na zile za saa," Kachero alisema.

"Sandukuni ingechanganyika na za watu. Hii ni yake."

"Kwa nini, baba?"

Mzee alizitazama flashi zilizokuwa juu ya mkono wa kochi. "Hivyo vidude. Kaka yako alisema kila mtu na chake. Mnabeba mama yenu mfukoni, mnaondoka naye, mnamsikiliza wakati mnaoutaka, garini, kitandani. Vizuri. Ni haki yenu. Lakini nikajiuliza, Jumamosi mtakuja kufanya nini? Kunitazama nikisinzia?"

"Tungekuja tu, baba," Kaka alisema, lakini alilisema haraka mno, na hata yeye alilisikia.

"Mngekuja. Mara ya kwanza mngekuja. Halafu ungekuwa na kikao. Halafu huyu mtoto angekuwa na mafua. Mimi sina kinyongo na mtu, nayajua mambo yanavyokwenda. Yanakwenda bila mtu kukosea." Akaikunja pembe ya kitambaa, akaikunjua. "Nilitaka ichelewe kidogo. Basi. Saa ukiitoa betri inasimama, ukiirudisha inaendelea. Haifi. Sikujua hii ikisimama watu wanaitupa. Nilipomsikia huyu kijana kwenye simu anasema ataondoka na diski, nilitaka kusema, mdomo ukakataa. Nikasema, nitasema akifika. Alipofika, wewe ukaanza kuzungumza. Ukawa unazungumza vizuri. Nikakuacha."

Kaka akakaa tena, safari hii sakafuni, karibu na miguu ya baba yake, pale alipokuwa akikaa zamani kufunga kamba za viatu. Hakusema tena kuhusu Jumamosi. Alizichukua zile flashi, akazitazama, akazitumbukiza mfukoni kama vitu visivyokuwa na kazi.

"Lakini ile diski ni ya zamani, mzee," fundi alisema kwa adabu. "Leo si yenyewe, ila siku moja itakuwa yenyewe. Msiponakili, mtalia kweli."

"Hilo ni kweli," Kachero alisema. "Baba, ni lazima tunakili."

Baba akafikiri. Alikuwa na ile sura yake ya kuangalia ndani ya saa ya mtu, anatafuta mahali pa kushikia. "Nakilini yote mara moja, kwenye kimoja. Hicho kinakaa hapa, kwenye droo yangu. Hivyo vingine, kila Jumamosi nitawawekea sauti moja. Moja. Tunaisikiliza pamoja kwanza, halafu mnaondoka nayo."

"Moja?" Kaka aliruka. "Baba, mle kuna mamia! Kwa mwendo huo tutamaliza lini?"

"Sijui. Wewe ndiye mtu wa bima, piga hesabu. Mimi sina haraka."

Kachero akacheka mpaka mtoto naye akacheka bila kujua kinachochekwa. Akampa baba yake mtoto ampakate, akaichukua ile betri pamoja na kitambaa chake. Fundi alimwonyesha pa kubana, akamwachia aiingize mwenyewe. Ikaingia kwa mlio mdogo. Kwenye ukurasa wa mipangilio akaweka mwaka, mwezi, saa, na baba akamrekebisha dakika kwa kutazama ukutani. Fundi akamwelekeza mahali pa kuichagua diski kama ilivyokuwa. Akahifadhi. Mashine ikazima, ikawaka, ikaunguruma. Skrini ikakaa nyeusi muda wa kutosha mtu kukata tamaa.

Kisha waridi.

Hakuna aliyepiga makofi. Kaka alifuta uso na kiganja, akadai ni unga wa mke wake. Baba akachagua sauti ya leo; aliijua ilipo bila kuvaa miwani. Spika zikakwaruza kidogo, na mama akaingia chumbani, anasoma, polepole, sauti yake ina kikohozi kidogo cha asubuhi na juu yake kelele za sufuria na redio ya jirani.

"Kumbukumbu za kikao cha wapangaji, nukta. Waliohudhuria, nukta pacha..."

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa huku na huku, anatafuta anayesema. Baba akamshika vizuri kifuani, na wote wakainamia meza ile, hata fundi, boksi lake limesahauliwa chini. Wifi alibaki pale kizingitini, mikono ameikunja ndani ya aproni, anasikiliza kama alivyozoea.

"...ajenda ya kwanza, taa ya ngazini, mkato, ambayo..." Mama akasita. Kiti chake kikalia. Sauti ikatoka mbali na maikrofoni, ikawa kubwa na ya furaha. "Ingia basi, mwanangu! Mbona unasimama mlangoni kama mgeni? Njoo ukae."

Wifi akawatazama wote, mmoja mmoja. Akafuta mikono, akaingia, akakaa.